Theluthi ya Mwisho

Kanisani kule Arlington, Texas, watu walimwita Patroba Injinia, naye hakuwahi kuwakatalia. Tumwonee huruma kidogo, kwa maana jina hilo hakulitafuta. Mchungaji ndiye aliyemsimamisha siku moja mbele ya waumini akasema, "Huyu ndugu yetu akisema ndege zishuke, zinashuka. Akisema zisishuke, zinabaki juu." Watu wakapiga makofi. Patroba alipaswa kueleza kwamba yeye huendesha pikapu, kwamba wakati wa joto hukata majani kando ya njia za ndege, na siku za barafu hupima utelezi. Alitabasamu tu, akakaa. Mkewe Lydiah, ambaye ni nesi na anajua vizuri nani analipa kodi ya nyumba, alimtazama kwa pembe ya jicho akanyamaza.

Sifa hizo zilisafiri mpaka Houston, mtaa wa Alief, nyumbani kwa Tharcisse na Annonciata, Wakongo waliokaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Binti yao Rosette alikuwa amekubali kuolewa na Samson, mtoto pekee wa Patroba. Tharcisse alipakia maboksi kwenye ghala, na kila aliyefanya naye kazi alishaambiwa kwamba mkwe wake ni mkubwa wa aéroport, yaani uwanja wa ndege. Siku ya kupeleka mahari, ambayo wao waliita dot, ikapangwa Jumamosi alasiri. Na Jumamosi hiyo hiyo barafu nayo ikaamua kuja.

Usidhani ni ile theluji nyeupe ya kwenye kadi za Krismasi. Barafu ya huku ni manyunyu tu yanayoganda yakigusa chini. Huioni mpaka gari lianze kwenda linakotaka lenyewe.

Uwanja alikofanya kazi Patroba haukuwa ule mkubwa unaojulikana duniani. Ulikuwa mdogo, upande wa kaskazini wa Fort Worth, wa ndege za mizigo na za matajiri wanaopenda kurusha ndege wenyewe. Kulipopambazuka alikuwa ndani ya pikapu, mwanzoni mwa njia ya kurukia, kifaa cha kupimia kimefungwa karibu na goti lake. Kazi yenyewe haina maajabu. Unakimbiza gari mpaka mwendo uliowekwa, unakanyaga breki kwa nguvu, gari linasota, kifaa kinakupa namba. Namba ikiwa kubwa, tairi inashika. Ikiwa ndogo, inateleza. Njia imegawanywa theluthi tatu na kila theluthi lazima ipimwe peke yake, maana barafu haina adabu ya kulala sawasawa. Theluthi ya mwisho ya uwanja ule ilikuwa na sifa mbaya. Inapita karibu na kijito, upepo unaipiga, na huganda kabla ya kwingine kote. Patroba alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Akapima ya kwanza, ikatoa namba nzuri. Akapima ya kati, ikashuka kidogo lakini haikutisha. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Baba Samson, uko wapi?" Alikuwa Lydiah. "Mzee Wanjohi ashafika, anakunywa chai. Suti yako nimepiga pasi. Wewe bado unacheza na barafu?"

"Namalizia."

"Malizia haraka. Rosette amesema wazee wao wakikaa kungojea watasema tumemdharau binti. Unanisikia? Nimefanya shifti za ziada tangu Septemba kwa ajili ya hii siku. Usiniaibishe."

"Nimekwambia namalizia, Mama Samson."

Hajakata vizuri, redio ikaita. Alikuwa Prudensia, aliyekaa ofisini kupokea namba na kuwatangazia marubani. Prudensia ni mama aliyetoka Moshi, mjane, mwenye watoto wawili chuoni. Ndiye aliyempa Patroba habari za kazi hii, akamwombea kwa bosi, akamfundisha hata namna ya kuzungumza redioni. Alimwambia atoke njiani kidogo, kuna ndege inavuka, ikishapita arudi amalizie.

Patroba akatoka. Akakaa pembeni, hita inampuliza usoni, akitazama ile ndege ikijikokota kama mtu aliyevaa viatu vya kubana. Wa kumpokea zamu alikuwa ameshafika. Nyumbani chai ilikuwa inapoa. Ndege ikapita, ikaenda zake, naye hakurudi njiani. Akachukua redio.

"Umemaliza zote?" Prudensia akauliza.

"Zote," Patroba akasema.

Akasoma namba tatu. Ya tatu aliitunga. Alichukua ile ya theluthi ya kati akaipunguza moja, ili uongo ufanane na ukweli. Prudensia akamshukuru, akamtakia safari njema, akaongeza kwa Kiswahili, jambo lililokatazwa redioni, "Mkamlete bibi harusi, kaka."

*

Garini walikuwa wanne. Patroba aliendesha. Mzee Wanjohi alikaa mbele, kwa kuwa yeye ndiye msemaji, na msemaji hakai nyuma. Alikuwa dereva mstaafu wa trela, mtu wa Nyeri, tumbo mbele na mdomo mbele zaidi, na hapakuwa na posa ya Wakenya wa Arlington iliyofanyika bila yeye. Lydiah na Samson walikuwa nyuma. Huko kwenye buti kulikuwa na suti ya Tharcisse, vitenge vya Annonciata, dumu la mawese, mchele, soda na gunia la chumvi.

"Hii chumvi ni ya nini?" Wanjohi akauliza. "Wanataka kumwaga barabarani?"

Samson akacheka. "Kwao lazima iwepo, mzee. Rosette ameniambia, kwa baba yake wakikukataa, vitu vyako vyote vinarudishwa nje, na chumvi ndiyo inatoka kwanza. Chumvi ikibaki ndani, basi bado wewe ni mtu wao."

"Itabaki," Wanjohi akasema. "Mimi sijawahi kurudi na mzigo."

Kusini mwa Dallas barabara ilikuwa imemwagiwa maji ya chumvi lakini madaraja yalikuwa yanang'aa vibaya. Kila walipokaribia daraja, Patroba alitoa mguu kwenye mafuta mapema, akashika usukani kwa mikono miwili, akavuka bila kugusa breki. Pembeni waliona magari mawili matatu yamelala mtaroni.

"Daraja linaganda kwanza," Patroba akaeleza. "Chini yake ni hewa tupu. Hakuna udongo wa kulipatia joto."

"Mnaona?" Wanjohi akageuka nyuma. "Ndiyo faida ya kuendeshwa na Injinia! Mwingine angekuwa ashatutupa huko na mawese yetu."

Lydiah naye, kwa mara ya kwanza wiki ile, aliweka mkono begani kwa mumewe. "Asante, Baba Samson," alisema polepole. Na Patroba, aibu yake, alifurahi. Alifurahi kweli. Alivuka madaraja yote yale kwa uangalifu mkubwa, na ile theluthi ambayo hakuipima haikumjia akilini hata mara moja.

*

Alief mvua ilikuwa ya kawaida, ya kulowesha tu. Walipoegesha mbele ya nyumba ya Tharcisse, vijana wa huko walikuwa wameshatoka na miavuli. Lydiah na Wanjohi wakaingia kwa vigelegele. Patroba alikuwa anamsaidia Samson kushusha mizigo simu ilipoita. Bosi wake. Akasogea kando ya uzio.

Bosi hakumsalimia. Ndege ndogo ilikuwa imetua karibu saa sita, ikakimbia vizuri mpaka theluthi ya mwisho, hapo ikakataa kusimama. Ilivuka mwisho wa lami, ikang'oa taa, ikaingia kwenye uzio karibu na kijito. Rubani alikuwa peke yake. Amevunjika mfupa wa bega, amepelekwa hospitali, na ana bahati.

"Nataka jibu moja," bosi akasema. "Ulifika mpaka mwisho?"

Mvua ilikuwa inamwingia Patroba kwenye kola ya suti aliyopigiwa pasi. Nyuma yake alisikia wanawake wakiimba.

"Ndiyo," akasema. "Mpaka mwisho."

"Basi paliganda baada yako. Manyunyu yalirudi saa nne. Prudensia alipaswa kumtuma mtu wa zamu akapime tena. Kwa nini hakumtuma?"

Sasa, mtu anaweza kudanganya kwa kuteleza, mdomo ukamtangulia. Lakini hapa Patroba alipewa nafasi. Bosi alimngojea.

"Sijui," Patroba akasema. "Muulize mwenyewe."

Alipokata simu, Samson alikuwa amesimama na gunia la chumvi begani, maji yanamtiririka usoni.

"Nani ameumia, Dad?"

"Mambo ya kazi. Ingia ndani."

"Umesema amuulize nani?"

"Nimesema ingia ndani!"

Samson akaingia. Si kwa kuridhika.

*

Sebule ilikuwa imejaa. Wajomba, mashangazi, watu wa kanisa lao, watoto waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza kila walipoambiwa kwa Kiswahili wakae chini. Harufu ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na ya samaki ilitoka jikoni, alikofichwa Rosette mpaka aitwe. Mizigo ikapangwa katikati ya chumba, chumvi mbele kabisa. Patroba alikalishwa kwenye kochi kubwa chini ya picha ya Yesu, mahali pa heshima, na Annonciata mwenyewe akamletea taulo ajifute mvua.

Mzee Wanjohi alifanya kazi yake na aliifanya vizuri. Aliomba njia, akatozwa faini ya kuongea kabla ya kuruhusiwa, akailipa kwa mbwembwe. Alisema wameona ua zuri kwenye shamba hili. Msemaji wa upande wa pili akasema hapa Alief hakuna mashamba, kuna maegesho ya magari tu. Watu wakacheka hadi wakapigana mabega. Suti ikakubaliwa. Vitenge vikafunguliwa, vikapigiwa vigelegele. Lydiah alikuwa anang'aa, uchovu wote wa shifti zile umemwisha usoni.

Patroba alicheka kila wengine walipocheka. Simu ikatetemeka pajani. Akaichungulia chini ya taulo. Prudensia alikuwa amemwandikia.

Kaka, wamenitoa kazini mpaka uchunguzi uishe, na wanasema ni uzembe wangu. Nimewaambia nilifuata namba zako na wewe si mtu wa kuruka kipimo. Niambie tu ulifika mwisho, nipate nguvu ya kujitetea.

Alisoma mara mbili. Halafu akaigeuza simu, uso chini, kana kwamba ndiyo yenye makosa.

Hapo ndipo Tharcisse alipoinuka. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye sauti ndogo, na chumba kilinyamaza chote.

"Bon," alisema. "Vitu tumeviona. Viko vizuri. Lakini vitu ni vitu. Kwetu, baba ya kijana ndiye anasimamaka, anatoa neno. Anasema, mtoto wangu hatamutupa binti yenu, mimi ndiye ninajibu. Tunachukuaka ile neno, tunamupa binti. Bila neno, hata ulete Texas nzima, hapana."

Watu wakaitikia.

"Na leo mimi niko na furaha," Tharcisse akaendelea, "juu Papa Samson ni mtu wa neno. Tulipotoka kambini tulipanda ndege na watoto, usiku, mimi natetemeka. Annonciata ananiuliza, nani anajua kama huko chini ni pazuri? Nikamwambia, kuko mtu. Kuko mtu huko chini alitembea, akaangalia, akasema ni pazuri. Ule mtu sikumuonaka. Leo amekaa kwa kochi yangu." Akanyosha mkono. "Papa Samson, simama, utupe neno."

Makofi yalipigwa, na mtu mmoja akapiga mbinja. Patroba akasimama, taulo likaanguka.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Aliwatazama watu wale, na wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, na hicho ndicho kilichomshinda. Kama mmoja wao angekuwa amenuna, Patroba angeweza kusema uongo wa tatu.

"Injinia amechoka na safari!" Mzee Wanjohi akadakia. "Mpeni maji. Neno lipo, neno ni zito, linapanda polepole."

Wakacheka. Lydiah akamvuta mumewe koti kwa nyuma. "Sema tu ukae," akanong'ona. "Tafadhali, Baba Samson. Ni sentensi moja."

"Mimi si injinia," Patroba akasema.

Kicheko kikafifia.

"Ninaendesha gari la kupimia. Ninapima kama njia inateleza. Ndiyo kazi yangu, hiyo tu, na leo asubuhi sikuifanya. Nilipima sehemu mbili, ya tatu nikaitunga, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja hapa. Ndege imetua, imeteleza palepale nisipopima. Rubani yuko hospitali."

Lydiah aliachia koti.

"Bosi ameniuliza nikiwa hapo nje, nikasema nilipima. Sasa kuna mama mmoja ofisini, ndiye aliyeniingiza kazini, ametolewa kazini kwa kosa langu. Ameniandikia sasa hivi." Akamgeukia mwenyeji. "Papa Tharcisse, unaniomba neno. Sina neno. Nikikupa leo nitakuwa nakuibia."

Huko jikoni sufuria lilifunikwa polepole, ikajulikana kwamba Rosette amesikia yote. Samson alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama yule bwana amefukuzwa, na mama akamziba mdomo kwa kiganja.

Tharcisse alikuwa bado amenyosha mkono. Akaushusha.

"Ule mama," alisema, "anajua?"

"Bado."

"Basi mupigie. Hapa. Tusikie."

"Papa Rosette," Lydiah akasema kwa sauti ya kuomba, "aende nje apige. Si mbele ya watoto."

"Hapana, mama. Alitolewa kazini mbele ya batu. Na atasafishwa mbele ya batu."

Patroba akaweka simu kwenye spika. Iliita mara moja tu.

"Kaka!" Sauti ya Prudensia ilijaza sebule. "Asante Mungu. Nilijua utapiga. Niambie, ulifika mwisho, eti?"

"Sikufika, dada."

"Unasemaje?"

"Sikufika. Niliitunga namba. Bosi aliponiuliza nikasema nilipima, halafu nikamwambia akuulize wewe."

Kwenye simu kilisikika kitu kama injini ya gari isiyoondoka.

"Ulimwambia aniulize mimi," Prudensia akasema.

"Ndiyo."

"Nimekaa hapa garini, Patroba. Nimeshindwa kwenda nyumbani, watoto watanionaje? Nilikuwa nawaza, labda kweli ni mimi. Labda nilijisahau. Nimelitafuta kosa langu tangu mchana, silioni." Akavuta pumzi. "Kumbe wewe upo huko unakula pilau."

"Sijala, dada. Nisamehe."

"Usinipigie mimi. Mpigie yeye. Saa hizi, kabla hujatia kitu mdomoni." Na akakata.

Patroba akampigia bosi palepale, wala hakuondoa spika. Alisema yote kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, mbele ya watu ambao mpaka nusu saa iliyopita walidhani Kiingereza hicho kinaamuru ndege. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia arudishe funguo na kitambulisho Jumatatu, na asikanyage njia ya ndege. Kuhusu Prudensia, akasema angempigia mwenyewe.

"Nashukuru, bwana," Patroba akasema, na hata yeye hakujua anashukuru nini.

*

Wazee wa Kikongo waliingia chumbani na Tharcisse, wakafunga mlango. Hawakukaa sana. Walipotoka, Tharcisse hakumtazama Patroba. Alimtazama Mzee Wanjohi, kwa sababu ndivyo msemaji anavyotakiwa kutazamwa.

"Mtoto Samson hatuna ubaya naye," alisema. "Lakini leo hapana. Siwezi kupokea dot bila neno, na neno limekosa. Mubebe vitu."

Wanjohi, mwenye mdomo ule wote, alivua kofia, akaivaa tena.

Vijana walewale waliowapokea kwa miavuli wakaanza kuitoa mizigo kimya. Suti ikakunjwa na kurudishwa kwenye boksi. Vitenge vilikusanywa ovyo, kimoja kikiburuta sakafuni mpaka Lydiah akakiokota, akakikunja juu ya magoti yake taratibu, akikipigapiga kama mtoto anayelazwa. Rosette alitokea mlangoni mwa jikoni macho yamevimba. Samson alitaka kumfuata, mjomba mmoja akamwekea mkono kifuani, bila ukali.

Kijana wa mwisho akainama kushika gunia la chumvi.

"Hiyo acha," Annonciata akasema.

Hakuwa amesema neno tangu mambo yaharibike. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mizigo, na sasa aliunyosha mguu wake uliovaa soksi nzito, akauweka juu ya gunia.

"Annonciata," Tharcisse akasema.

"Nimesikia. Mubebe mawese, mubebe mchele. Hii hapana."

Wakatazamana, mume na mke, kwa muda ambao wageni waliona mrefu mno. Halafu Tharcisse akageuka akaenda kufungua mlango wa mbele, mvua ikaonekana. Hakusema ndiyo, wala hakumwambia mkewe aondoe mguu.

Walifungiwa chakula kwenye foili. Patroba alikipokea kwa mikono miwili, cha moto, kutoka kwa watu aliowaaibisha ndani ya nyumba yao, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Alitaka kumwambia Annonciata kitu, asante au samahani, lakini yeye alikuwa bado ndani, mguu juu ya chumvi.

*

"Leta funguo, Dad," Samson akasema walipofika kwenye gari.

Patroba akampa. Lydiah akakaa mbele na mwanawe. Mzee Wanjohi, msemaji asiyekaa nyuma, akakaa nyuma bila kuulizwa, na Patroba kando yake, boksi la suti mapajani.

Walipita mji wa Huntsville. Kisha Lydiah akaanza, bila kugeuka.

"Ni mimi niliyekwambia umalize haraka."

"Si wewe," Patroba akasema. "Wewe uliniambia nimalize."

Lydiah akafikiri. "Ni kweli," alisema. "Nilikuambia umalize." Akafunika uso kwa kiganja. "Nitaingiaje kanisani kesho? Watu wataniuliza dot imekwendaje. Nitawaambia nini?"

"Waambie mimi nitasema. Nitasimama nisimulie mwenyewe."

"Mbele ya mchungaji?"

"Mbele yake. Na lile jina nimrudishie."

Mzee Wanjohi alikohoa, akatazama nje dirishani. "Ile chumvi," alisema baadaye, kama anayejisemea, "ilibaki."

Kwenye kioo cha juu Patroba aliona macho ya mwanawe yakimwangalia, mara ya kwanza tangu Alief, yakarudi barabarani.

Giza lilikuwa limeshaingia walipokaribia Corsicana. Mvua iligeuka manyunyu, na kipimajoto cha gari kikaanza kushuka. Mbele yao taa ziliangaza daraja refu juu ya maji, lami yake nyeusi, huwezi kujua ni maji au ni barafu. Samson akatoa mguu kwenye mafuta. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi.

"Dad," akasema, "hapa vipi? Pameganda?"

Gari zima likangoja. Lydiah akageuza kichwa, Wanjohi akageuza kichwa. Patroba alisogea mbele, akakaza macho kwenye lami ile, na ni kweli alitamani kuwapa kitu, hata kidogo, kwa siku nzima aliyowaharibia.

"Sijui," alisema. "Sijapima."

Samson akawasha taa za tahadhari, akaliacha lori lipige honi litakavyo, wakaanza kuvuka polepole.